Hati si Cheti: Istilahi za Ununuzi wa Nishati Jadidifu kwa Majengo ya Ng'ambo

1. Utangulizi

Mfasiri wa ofisi moja ya umma alituletea rasimu ya mkataba wa pango uliotoka ng'ambo, akiomba tumkagulie istilahi zake. Mkataba ulihusu ghorofa mbili za ofisi katika jengo jipya huko Ulaya. Kifungu kimojawapo, katika Kiswahili cha mfasiri huyo, kilisomeka hivi: "Mwenye jengo atanunua vyeti 10,000 vya nishati ya kijani na kuvistaafisha, ili jengo lipate cheti." Pembeni mwa kifungu hicho mkubwa wake wa kazi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Vyeti havinunuliwi. Tusiingie katika jambo hili."

Hatuwezi kumlaumu mkubwa huyo. Alisoma Kiswahili alichowekewa mezani, akakielewa kama Mtanzania yeyote ambavyo angekielewa. Tangu uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma uliofanyika nchini mwaka 2017, maneno "kununua cheti" yana harufu moja tu, nayo ni harufu ya kughushi. Mfasiri naye hakuwa mvivu, kwani kila neno alilolitumia limo katika kamusi. Lakini mtumishi wa tatu aliyeisoma rasimu ile ile alielewa kinyume kabisa. Yeye aliamini ya kwamba ofisi hiyo itawashiwa taa kwa umeme wa upepo, na alikwisha kuandaa sentensi ya kulitangaza jambo hilo katika taarifa ya mwaka. Basi sentensi moja ilisomwa na watu wawili makini, na wote wawili wakapotea, kila mmoja kwa njia yake.

Makala hii yakusudia kueleza kinachonunuliwa katika biashara hii, namna kinavyonunuliwa kwa ajili ya majengo, na istilahi ambazo twaona zingefaa kutumiwa na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali. Yaliyomo humu ni mapendekezo, wala si amri.

2. Kinachonunuliwa ni nini?

Yatupasa kwanza tuelewe tabia ya umeme. Tuchukulie kijiji chenye tangi moja kubwa la maji linalojazwa na visima vinne. Maji yakishaingia tangini huchanganyika, na mtu anayefungua bomba hawezi kusema kwamba ndoo yake imetoka kisima cha kwanza au cha nne. Hivyo ndivyo ulivyo umeme wa gridi. Umeme wa maporomoko ya maji, wa upepo, wa jua, wa gesi na wa makaa ya mawe huingia katika nyaya zile zile, na hakuna chombo kinachoweza kuupambanua unapofika katika swichi ya mtumiaji.

Hata hivyo, kwenye kila kisima yaweza kuwekwa mita, na daftari la kuandika maji yaliyotoka hapo. Hapo ndipo lilipotoka wazo la hati tunazozizungumzia. Mtambo wa nishati jadidifu unapoingiza gridini umeme wa megawati-saa moja, hutolewa hati moja yenye namba yake, jina la mtambo, aina ya nishati, na tarehe umeme ulipozalishwa. Umeme wenyewe huuzwa kwa njia yake ya kawaida, na hati huuzwa peke yake, pengine kwa mtu mwingine aliye mbali kabisa na mtambo ule. Mwenye kuinunua hati na kuitumia ndiye peke yake anayeruhusiwa kujihesabia ile megawati-saa moja ya nishati jadidifu.

Msomaji aliyezoea biashara ya korosho huenda akaufananisha mfumo huu na stakabadhi za ghala, ambazo hapa Tanzania zina sheria yake ya mwaka 2005. Mfano huo wasaidia, lakini una hatari. Mkulima akiweka korosho ghalani hupewa stakabadhi, na mwenye kuishika stakabadhi hiyo kihalali ndiye mwenye korosho. Karatasi na mali havitengani. Katika hati za nishati, karatasi na mali vimetenganishwa kwa makusudi: umeme umekwenda kwa mtumiaji wake na kumalizika, na kilichobaki katika hati ni haki ya kujihesabia sifa ya umeme ule. Mfasiri asiposhika tofauti hii, hata msamiati wake ukiwa mzuri namna gani, atamwambia msomaji ya kwamba mtu amenunua umeme, hali hakununua umeme.

Bei nazo zathibitisha jambo hili. Katika miaka ya 2010 mtumiaji wa nyumbani nchini Marekani alilipia umeme kwa wastani wa senti 12 hivi kwa kilowati-saa, yaani karibu dola 120 kwa megawati-saa moja. Katika miaka hiyo hiyo hati ya megawati-saa moja katika soko la hiari la nchi hiyo mara nyingi iliuzwa kwa dola moja tu, au pungufu. Ni wazi kwamba mtu aliyelipa dola moja hakununua kitu kile kile kilichouzwa kwa dola 120.

3. Mifumo mikuu

Mifumo ya hati hizi ni mingi, lakini mitatu yatosha kwa mfasiri wetu.

Marekani hutumia hati za nishati jadidifu ambazo husajiliwa katika sajili za kielektroniki za majimbo au kanda. Juu ya sajili hizo upo mpango wa Green-e, ulioanzishwa mwaka 1997 na asasi ya Center for Resource Solutions ya San Francisco. Mpango huo hautoi hati, bali huzihakiki hati zinazouzwa ili mnunuzi asije akauziwa kitu kilichokwisha kuuzwa kwa mwingine.

Ulaya ina mfumo wake, ambao msingi wake uliwekwa na Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2001 na lile la mwaka 2009. Kusudi lake la kwanza ni kumwezesha mwenye kuuza umeme kumthibitishia mteja wake sehemu ya umeme huo iliyotokana na nishati jadidifu. Hati za Ulaya huvuka mipaka ya nchi kwa urahisi, chini ya uangalizi wa chama cha mamlaka zinazozitoa.

Katika nchi nyingi zilizo nje ya Ulaya na Marekani Kaskazini hutumika mfumo wa I-REC, ambao ulibuniwa makusudi kwa ajili ya mataifa yasiyo na mfumo wake yenyewe. Katika mifumo yote mitatu, hati moja ni megawati-saa moja.

4. Jengo la kijani na hati zake

Upande wa majengo nao una historia yake. Uingereza ilianza kuyapima majengo kwa kipimo cha BREEAM mwaka 1990. Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani liliundwa mwaka 1993, na kabla ya muongo huo kwisha lilikuwa limetoa kipimo chake kiitwacho LEED. Ingawa kilizaliwa Marekani, kipimo hiki kimetumiwa katika nchi nyingi, na kwa sababu hiyo mikataba ya majengo ya ng'ambo hutufikia ikiwa na lugha ya LEED ndani yake.

Katika LEED jengo hupewa alama kwa mambo mbalimbali: matumizi ya maji, matumizi ya nishati, vifaa vya ujenzi, hewa ya ndani, na kadhalika. Jumla ya alama zote ni 110. Jengo likipata 40 hupewa cheti cha kawaida, likipata 50 hupewa cheti cha fedha, 60 cha dhahabu, na 80 cha platini, ambacho ndicho cha juu kabisa.

Toleo la nne la kipimo hiki, lililotolewa mwaka 2013, lilitenga alama mbili kwa nishati ya kijani. Mwenye jengo aliyeingia mkataba wa miaka isiyopungua mitano wa kufidia nusu ya nishati ya jengo lake alipata alama moja, na aliyefidia nishati yote alipata mbili. Toleo hilo lilipotoka, lilidai ya kwamba mitambo iliyotoa umeme huo iwe imeanza kazi tarehe 1 Januari 2005 au baadaye. Sababu yake ni kwamba hati ya bwawa lililojengwa zamani haimshawishi mtu yeyote kujenga mtambo mpya. Hati zenyewe zilitakiwa kuwa na uhakiki wa Green-e au ulio sawa nao, na ziliweza kufidia umeme tu. Gesi inayochomwa katika jengo haifidiwi kwa hati za umeme. Toleo la tano lilitolewa mwaka 2025. Kwa hiyo mfasiri aangalie kwanza mkataba wake wataja toleo gani, asije akahamisha masharti ya toleo moja na kuyatia katika jingine.

Sasa tuirudie ile namba 10,000 ya mkataba wetu. Jengo linalotumia umeme peke yake, kiasi cha kilowati-saa milioni mbili kwa mwaka, hutumia megawati-saa 2,000. Kwa miaka mitano ni megawati-saa 10,000. Kwa hiyo hati 10,000 ndizo zinazotakiwa ili kufidia nishati yote ya jengo na kupata alama mbili. Wala hakuna muujiza wowote ndani ya namba hiyo.

Ununuzi huwa na hatua tano. Kwanza hupigwa hesabu ya umeme ambao jengo litautumia. Pili hutolewa umeme utakaozalishwa katika jengo lenyewe, mathalani kwa paneli za jua. Tatu hutafutwa hati zenye sifa zinazotakiwa: aina ya nishati, umri wa mtambo, na nchi. Nne hufungwa mkataba na muuzaji. Tano, hatua ambayo ndiyo mhimili wa mambo yote, hati huondolewa sokoni kwa jina la jengo, na sajili hutoa uthibitisho wa kuondolewa kwake. Hati iliyonunuliwa na kuachwa bila kuondolewa yaweza kuuzwa tena kesho, na kwa hiyo haijamfaa mtu yeyote.

Palipo na neno "ng'ambo" ndipo penye ugumu. Je, jengo lililoko Ulaya laweza kufidiwa kwa hati ya upepo wa Texas? Mwongozo wa GHG Protocol wa mwaka 2015, ambao makampuni mengi huufuata katika kuhesabu hewa chafu inayotokana na umeme wanaoutumia, wasema ya kwamba hati itoke katika soko lile lile ambamo umeme umetumika. Aidha, mwongozo huo wataka kampuni iliyo katika soko lenye hati itoe hesabu mbili: moja ya kufuata gridi ya mahali ilipo, na nyingine ya kufuata hati ilizonunua. Sisi twaziita hesabu ya mahali na hesabu ya soko. Mfasiri akikutana na takwimu mbili zinazopingana katika taarifa moja, asidhani ya kwamba ni kosa la chapa.

5. Uchambuzi wa istilahi

(a) Nishati jadidifu. Maneno manne yashindania dhana hii: mbadala, safi, endelevu na jadidifu. "Mbadala" ni kitu kinachoshika nafasi ya kingine. Gesi ya mtungi ni mbadala wa mkaa, lakini gesi hiyo ikichomwa imekwisha, hairudi. "Safi" nalo limekwisha kupewa kazi nyingine hapa nchini, kwani Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 waihesabu gesi ya mitungi kuwa nishati safi. Hapana kosa katika matumizi hayo, maana kusudi lake ni afya ya mpishi na uhai wa misitu. Lakini gesi hiyo haitoi hati hata moja katika mifumo tuliyoieleza. "Endelevu" lahusu namna ya kutumia kitu zaidi kuliko kitu chenyewe. Linabaki "jadidifu", lililotokana na kitenzi "jadidi", yaani kufanya upya, kwa kiambishi kile kile kilichotupa "haribifu" kutoka "haribu" na "tiifu" kutoka "tii". Nishati jadidifu ni nishati ambayo chanzo chake hujirudishia upya: jua, upepo, maji, na joto la ardhini kama lile la Olkaria nchini Kenya. Wenzetu wa Kenya wengi husema "kawi" mahali pa "nishati". Tofauti hiyo ni ya neno, si ya dhana.

(b) Hati. Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Kiingereza hutumia shina moja la neno kwa mambo matatu: heshima inayopewa jengo, karatasi inayouzwa sokoni, na ukaguzi wa karatasi hiyo. Mfasiri akiyafuata maneno ya Kiingereza hatua kwa hatua, atapata vyeti vilivyopewa vyeti ili jengo lipate cheti. Kiswahili hakilazimiki kubeba mzigo huo, kwa kuwa kinayo maneno matatu yaliyokwisha kugawana kazi.

Cheti ni cha mtu au kitu kilichostahili: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kidato cha nne. Cheti hakihamishwi. Cheti changu hakiwezi kuwa chako, na anayekiuza ni mhalifu. Hati ni maandishi yenye haki ndani yake, na nyingine katika hizo huweza kuhamishwa kwa mauzo: hati miliki ya kiwanja huhamishwa kwa mnunuzi, na hati fungani hununuliwa katika mnada wa Benki Kuu bila ya mtu kuona aibu. Uhakiki ni kazi ya kukagua ukweli wa jambo. Kwa hiyo twapendekeza: jengo hupewa cheti, hati hununuliwa, na hati hizo hupitiwa na uhakiki.

Lau mfasiri wetu angekuwa na mgawanyo huu, mkubwa wake asingechukua wino mwekundu. Twatahadharisha jambo moja tu: tusiziite "hati safi". Maneno hayo ni mali ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na mtumishi yeyote ayasomapo huwaza hesabu za halmashauri yake.

(c) Kutamatisha. Kitendo cha kuiondoa hati sokoni baada ya kutumika Wamarekani hukiita kwa neno la kustaafu, na Ulaya hukiita kwa neno la kufuta. Dhana ni moja, na sheria ya kazi yetu ni dhana moja, istilahi moja. "Kustaafisha" ni kwa watu, tena wenye pensheni. "Kufuta" lina hatari zaidi, kwani leseni hufutwa kwa kosa, na chama hufutwa kwa kuvunja sheria. Msomaji akiambiwa ya kwamba hati 10,000 za jengo zimefutwa, atafikiri jengo limenyang'anywa hati zake, hali ukweli ni kwamba ndipo zilipofanya kazi yake. Twapendekeza "kutamatisha", neno lisilo na lawama wala sifa. Hati iliyotamatishwa ni kama namba za LUKU zilizokwisha kuingizwa katika mita: zimetimiza kazi, na hazifai kuingizwa tena.

(d) Hati ya chanzo. Jina rasmi la hati za Ulaya limetafsiriwa na baadhi ya watu kuwa "dhamana ya asili". Kila neno ni sahihi, na maneno yote mawili pamoja ni potofu. Dhamana huwekwa mahakamani au benki, na "asili" huvuta fikra kwenye dawa za miti shamba. Kinachothibitishwa ni chanzo cha umeme, basi na iitwe hati ya chanzo.

(e) Megawati-saa. Magazeti yetu mara nyingi huandika "megawati" au "megawati kwa saa" pale panapotakiwa megawati-saa. Megawati ni uwezo wa mtambo, na megawati-saa ni umeme uliotoka. Mtambo wa megawati moja ukifanya kazi saa moja kwa uwezo wake wote hutoa megawati-saa moja. "Kwa saa" humaanisha kugawanya, ilhali hapa twazidisha. Kwa mwananchi wa kawaida, megawati-saa moja ni uniti 1,000 za LUKU, na mwalimu akianza na uniti ataeleweka upesi.

(f) Jengo la kijani. Wapo wanaolichukia jina hili kwa hoja ya kwamba jengo hilo laweza kupakwa rangi nyeupe. Hoja hiyo haina nguvu. Tumesema "Mapinduzi ya Kijani" kwa miaka mingi, wala hapana aliyedhani kwamba mapinduzi yalipakwa rangi. Twaona jina hili libaki.

(g) Kujihesabia. Wengi wameandika "haki ya kudai". Lakini kudai kwa Kiswahili ni kutaka ulipwe deni, au ni kusema jambo ambalo wengine wana shaka nalo. Mwenye hati hamdai mtu. Anachopata ni ruhusa ya kuitia megawati-saa ile katika hesabu zake mwenyewe. Kwa hiyo twapendekeza "haki ya kujihesabia".

6. Hatari ya kuhesabu mara mbili

Mtu aweza kuuliza: kuna madhara gani neno likikosewa kidogo, maadamu fedha zimelipwa na jengo limesimama? Kisa cha Iceland chajibu swali hilo.

Karibu umeme wote wa nchi hiyo hutokana na maji na joto la ardhini. Gridi yake haikuunganishwa kwa waya na gridi ya Ulaya, lakini hati zake za chanzo zimekuwa zikiuzwa katika soko la Ulaya. Hivyo mwenye jengo katika nchi nyingine huweza kujihesabia maji ya Iceland ambayo hayakupata kumwashia hata taa moja. Hilo kanuni zaliruhusu. Lililokuwa mashakani ni jambo jingine. Vipo nchini humo viwanda vikubwa vya kuyeyusha alumini ambavyo vilijitangaza kuwa hutumia nishati jadidifu, pasipo kuwa na hati. Ikiwa hati za umeme huo zimekwisha kuuzwa ng'ambo, basi megawati-saa ile ile imehesabiwa mara mbili. Mwaka 2023 chama cha mamlaka za Ulaya kilisimamisha kwa muda mfupi usafirishaji wa hati za Iceland kwa sababu ya mashaka hayo. Wahenga wetu walikwisha sema: mshika mbili, moja humponyoka.

Jambo hili latuhusu hata sisi tulio mbali. Tuchukulie ya kwamba kituo kimoja cha umeme wa maji katika Afrika Mashariki kimeuza hati zake zote kwa mwenye jengo wa ng'ambo. Watu wanaoishi chini ya nyaya za kituo hicho wataendelea kupata umeme kama kawaida, lakini hawawezi tena kujihesabia ya kwamba umeme wao ni wa nishati jadidifu. Haki hiyo imesafiri. Ofisa atakayetia sahihi mkataba wa namna hiyo ni lazima aelewe, kwa lugha anayoifikiria, kitu anachokiuza. Akiambiwa kwamba anauza "vyeti", atadhani anauza karatasi zisizo na thamani kwa watu wajinga. Akiambiwa kwamba anauza "umeme", atakataa kwa kuogopa giza. Akiambiwa kwamba anauza haki ya kujihesabia, atauliza swali linalofaa: je, sisi wenyewe hatutaihitaji haki hiyo katika hesabu zetu za taifa?

7. Matumizi katika sentensi

Kile kifungu cha mkataba twapendekeza kisomeke hivi: "Mwenye jengo atanunua hati 10,000 za nishati jadidifu, kila moja ya megawati-saa moja, na kuzitamatisha kwa jina la jengo, ili jengo lipewe alama mbili katika upimaji wa cheti cha LEED."

Na yule mtumishi aliyeandaa taarifa ya mwaka, badala ya kuandika "ofisi yetu hutumia umeme wa upepo", angeandika: "Jengo tulilopanga hupata umeme katika gridi ya nchi hiyo. Mwenye jengo amenunua na kutamatisha hati za nishati jadidifu zinazolingana na umeme wote wa jengo." Sentensi hii ni ndefu zaidi, na haivutii kama ile ya kwanza. Lakini ni ya kweli, na mkaguzi akiisoma hataona la kuuliza.

8. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Cheti cha jengo: uthibitisho kwamba jengo limepimwa na kufikia kiwango fulani, hakiuzwi wala kuhamishwa.

Hati ya chanzo: jina la hati ya nishati jadidifu katika mfumo wa Ulaya.

Hati ya nishati jadidifu: maandishi yaliyosajiliwa, yenye haki ya kujihesabia megawati-saa moja ya umeme uliotokana na nishati jadidifu.

Hesabu ya mahali: hesabu ya hewa chafu kwa kufuata gridi ya mahali umeme unapotumika.

Hesabu ya soko: hesabu ya hewa chafu kwa kufuata hati na mikataba ya mtumiaji.

Kuhesabu mara mbili: watu wawili kujihesabia megawati-saa ile ile.

Kujihesabia: kutia katika hesabu zako sifa ya umeme ambao hati yake unayo na umeitamatisha.

Kutamatisha: kuiondoa hati sokoni moja kwa moja baada ya kutumika.

Nishati jadidifu: nishati ambayo chanzo chake hujirudishia upya.

Sajili ya hati: daftari rasmi la kuandikia utoaji, uhamishaji na utamatishaji wa hati.

Uhakiki wa hati: ukaguzi wa kuthibitisha kwamba hati ni ya kweli na haikuuzwa mara mbili.

9. Hitimisho

Tumejitahidi kuonyesha ya kwamba tofauti kati ya "cheti" na "hati" si ubishi wa wanaisimu. Mwenye kununua hati hanunui umeme, wala hanunui heshima. Hununua haki ya kujihesabia, na haki hiyo mtu mmoja akiipata mwingine huipoteza. Istilahi isiyoyasema hayo haitoshi, hata kama ni tamu masikioni.

Twawaomba wasomaji, hasa wafasiri na walimu wanaokutana na maneno haya kazini, watuletee maoni yao na sentensi walimoyakuta. Neno "kutamatisha" ndilo tunalolionea wasiwasi zaidi, kwa kuwa halijazoeleka katika mikataba. Ikiwa mahali fulani pana neno linalotumiwa na watu kwa tiketi au hati iliyokwisha kufanya kazi yake, nalo halina maana ya adhabu, tungependa kulipata kabla orodha hii haijapelekwa kusanifiwa.